Nusu ya Ilunga

Jumanne moja ya Novemba 1998 nilimpoteza Ilunga, na pamoja naye nusu ya wimbo. Ilunga alikuwa mwenzangu wa kuimba katika hoteli moja ya Guangzhou, karibu na stesheni ya treni, eneo la Liuhua. Nusu iliyobaki ilikuwa yangu. Ile yake sikuijua, ingawa kwa mwaka na ushei nilisimama ubavuni mwake akiiimba. Mkataba wangu ulikwisha mwezi uliopita na nimeshuka jukwaani moja kwa moja. Nyinyi wadogo zangu mnaobaki mbele ya vipaza sauti mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nitaandika hili, maana mengine mtajifunza wenyewe.

Nilisoma mpaka darasa la nne, Tanga. Vyeo sina vya kusema, kwa kuwa mwimbaji ana vyeo viwili tu: yuko mbele au yuko nyuma. Dar es Salaam niliimba dansi miaka ishirini, kumi na moja nikiwa nyuma. Mwalimu wangu wa kwanza, mpiga saksafoni mwenye pumu, alinifundisha mambo mawili: kunywa maji ya uvuguvugu kabla ya kupanda, na kutomdakia mwenzako. Katika dansi mmoja anaimba, wengine wanangoja, kisha wanaitikia. Hilo la pili nilikuwa nalo tangu nyumbani. Shangazi yangu alikuwa na vidole viwili vya kazi hiyo. Mtoto akidakia maneno ya mkubwa, midomo yake inabanwa kama bahasha.

Nilifika Guangzhou katikati ya 1997. Wakala wa Dar alisema hoteli inataka sauti mbili za Kiafrika, kwa sababu wageni wake wengi walikuwa wafanyabiashara wetu, watu wa jinzi, viatu na vitenge. Sauti ya pili ilikuwa imeshafika. Nilimkuta ukumbini amevaa suti ya kijivu saa nne asubuhi, anakula tambi kwa uma alioutoa mfukoni.

"Mama, karibu," alisema. "Miye Ilunga, wa Lubumbashi. Uma unayo?"

"Sina."

"Bon. Utakula na mukono, ao utakufa njaa. Ile miti mbili inaomba masomo." Alinionyesha vijiti vya kulia mezani.

Tangu siku hiyo aliniita Mama Rehema, ingawa alinizidi mwaka mmoja. Mimi nilimwita Ilunga tu. Alikuwa mtu wa kwaya ya kanisa, alijua kusoma do-re-mi, na Kiswahili chake cha Katanga kilinichekesha kama changu cha pwani kilivyomchekesha yeye. Usiku wa kwanza mashine ya mwangwi iliachwa wazi mno. Nikaimba mstari, mstari ukanirudia, nikadhani kuna mtu ananiiga. Nilinyamaza nimwache amalize. Hayo ndiyo malezi.

Mpiga piano alikuwa Mwalimu Leung, Mkantoni wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye kikoti cha sufi hata wakati wa joto. Baba yake alikuwa akipiga piano kwenye kumbi za dansi, na alimwachia sanduku la nyimbo za Kimarekani za zamani. Ilikuja miaka ambayo nyimbo hizo hazikutakiwa na piano hakuwa nayo. Alituambia kwamba miaka hiyo alizipiga kwenye meza ya kulia, vidole bila sauti, ili zisimtoke. Kiingereza chetu sote watatu kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake.

Mwezi wetu wa pili kazini alituletea karatasi yenye mistari miwili ya namba, mmoja juu ya mwingine. Wachina wengi huandika muziki kwa namba: moja ni do, mbili ni re, na kuendelea. Namba iliyopigiwa mstari chini ni ya haraka. Kistari kinachofuata namba kinakwambia ishikilie, usiondoke bado. Ilunga alielewa kabla chai haijapoa. Mimi nilisema sikio langu linatosha, nipigieni nisikie. Kusema kweli niliona haya. Namba za sokoni nilizijua, hizi zilinifanya nijione nimerudi darasa la nne na mwalimu amesimama nyuma yangu.

Mwalimu Leung alieleza hivi. Huko Marekani, karne hii ilipokuwa bado changa, kwenye majumba ya michezo ya kuigiza yenye nyimbo, walikuwa na mtindo mmoja uliopendwa sana. Msichana anatoka, anaimba wimbo wa taratibu, wa majonzi matamu. Anatoka mwanamume, anasema wimbo wako unalaza watu, sikiliza wangu, naye anaimba wa kuruka. Watazamaji wanadhani ni mashindano. Halafu wanaimba wote wawili kwa pamoja, kila mmoja wimbo wake na maneno yake, na hakuna anayemharibia mwenzake. Chini yao piano ni ileile tangu mwanzo.

"Nyumba moja," alisema Mwalimu Leung, akaonyesha vidole viwili, "milango miwili."

Maneno ya Kiingereza yalitukwama kooni. Akasema tutie ya kwetu, kila mtu atunge ya upande wake, mradi silabi zikae juu ya namba. Mimi nilipewa upande wa taratibu. Nilitunga haya:

*Polepole, sina haraka,*
*mlango nimeuacha wazi,*
*ukifika usipige hodi,*
*taa ninayo, chai ninayo.*

Upande wangu niliushika kwa siku mbili. Ilunga naye akaushika wake. Tatizo lilianza tulipotakiwa kuimba pamoja. Nilianza "Polepole", Ilunga akaingia, nikanyamaza. Alipoona nimenyamaza, naye akanyamaza.

"Mama, pita," alisema.

"Pita wewe, umeshaanza."

"Hapana, mama, wewe njo ulianza."

Mwalimu Leung akaondoa mikono kwenye piano. "Kwa nini unasimama?"

"Mwenzangu anaimba," nilisema.

"Ndiyo. Na wewe imba."

"Nitakuwa ninamdakia."

Neno hilo nililisema kwa Kiswahili, maana sikulijua kwa lugha nyingine. Ilunga alijaribu kulieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa vitendo. Akaanza kusema, akajibana midomo kwa vidole, sawasawa na shangazi yangu. Nadhani katika miaka yake yote ya kufundisha Mwalimu Leung hakuwa amekutana na waimbaji waliokwama mlangoni kwa adabu.

"Zai lai," akasema, yaani tena.

Tulirudia wiki tatu. Alitugeuza migongo, bado tukangojana. Alinipeleka kwenye korido ya jikoni na Ilunga akabaki jukwaani. Hapo niliweza, ila wapishi walilalamika. Mwishowe alileta pamba ya hospitali, akatugawia. "Usimsikilize yeye," aliniambia. "Sikiliza piano tu. Yeye hayupo." Nikaziba masikio, piano nikaisikia kwa miguu kupitia mbao za jukwaa, nikaimba mpaka mwisho bila kusimama. Nilipotoa pamba niliwakuta wahudumu wanapiga makofi, sahani wamezibana kwapani.

Wadogo zangu, wimbo ule ulitufanya watu wa kuulizwa. Wafanyabiashara walirudi kutoka mji wa viwanda wa Xintang na vumbi la jinzi hadi kwenye nyusi, wakakaa kuagiza chai, na kabla chai haijafika wanadai wimbo wa watu wawili. Wachina nao walipiga kelele "zai lai", tukarudia mara tatu, nne. Bosi wa hoteli, ambaye hakupata kunisalimia miezi mitatu ya kwanza, akaanza kuniinamia kichwa. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijapata kuwa na kitu nilichokifanya vizuri kama kile. Nasema hivyo bila aibu.

Lakini niliendelea kutii, nisimsikilize. Pamba niliiacha baada ya miezi michache, kwa kuwa nilishajua kuziba masikio bila pamba. Ilunga alipokuwa anaimba peke yake mwanzoni, kabla hatujaungana, nilitumia nafasi hiyo kunywa maji ya uvuguvugu nyuma ya pazia. Na sababu nyingine ni hii: makofi mengi yalikwenda upande wake. Upande wa kuruka ndio unaochekesha. Niliona kijicho. Mara moja nilimwambia, "Wewe unachekesha, mimi ndiye ninayeimba." Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Oktoba 1998 alipata habari kwamba mama yake anaumwa. Asubuhi ya kuondoka alikaa ukumbini na ile suti ya kijivu, anakula tambi kwa uma wake.

"Mama Rehema," alisema, "maneno yangu unayajua?"

"Maneno gani?"

"Ya mu wimbo."

"Ya kwako yana kazi gani kwangu?" nilimjibu. "Nina ya kwangu."

"Aa, ni vile," alisema. "Hakuna mambo." Akafuta uma, akautia mfukoni.

Mama yake alipona. Aliyekufa ni yeye, kwa homa ya siku nne. Habari aliileta mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja kununua vitambaa. Alisimama mbele ya piano na kofia mkononi, akasema, akakaa. Jioni ile nilipanda nikaimba nyimbo nyingine zote. Sikulia jukwaani, na sikulia chumbani. Kuna watu kilio chao hakitoki, mimi ni mmoja wao.

Mwanzoni mwa Desemba niliitwa mapokezi, kuna simu. Alikuwa mwanamke, sauti inakuja na kuondoka.

"Ni Mama Rehema? Miye Mado, dada ya Ilunga. Mama, tunaomba kitu. Wimbo yake ile, wakati alikuya hapa alikuwa anaimba asubui anaoga. Mama yetu anasema siku ya kuondoa matanga tuimbe ile. Lakini tulishika paka mwanzo tu. Maneno na sauti, utatuandikia?"

Ningeweza kusema nitatuma. Nilisema kweli. "Mado, mimi siyajui."

"Hauyajui? Si mulikuwa munaimba pamoja?"

"Tuliimba pamoja. Sikumsikiliza."

Mado akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Bon. Uangalie, mama. Siku iko katikati ya Januari."

Nilikwenda kwa Mwalimu Leung. Yeye maneno ya Kiswahili hakuyajua hata moja, ila sauti ilikuwa kwenye karatasi. Aliitoa kwenye sanduku la baba yake, akaiweka mbele yangu. Mstari wa juu ulikuwa wa Ilunga, namba zimejaa na zimepigiwa mistari chini kama vifaranga vinavyokimbia. Mstari wa chini ulikuwa wangu, namba chache na vistari virefu vya kungoja.

"Nipigie nisikie," nilisema.

"Mei you," alisema, yaani hakuna hiyo. "Mikono yangu ina ugonjwa wa viungo asubuhi hii. Soma."

Mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote, jioni alipiga saa tatu mfululizo. Basi nikiwa na miaka hamsini na nne nilikaa na penseli, moja do, mbili re, kila siku baada ya chakula cha mchana. Wiki mbili nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Wiki ya tatu nikaweza kuutembea mstari mzima. Sauti nikawa nayo, maneno bado. Wafanyabiashara wa Lubumbashi niliowauliza walikumbuka kucheka, hawakukumbuka walichochekea.

Mwisho wa Desemba akaja Zuwena. Zuwena ni mwanamke wa Kariakoo anayenunua jinzi Xintang, mara tatu kila mwaka, na kila akija hukaa hoteli yetu. Nilipanda chumbani kwake kumsaidia kufunga robota. Tulikuwa tumekaa sakafuni kati ya suruali, yeye anavuta kamba kwa meno, na huku anavuma kitu. Ana sauti kama cherehani isiyotiwa mafuta. Alipoiachia kamba nilisikia "chai isipoe".

"Zuwena, unaimba nini?"

"Si wimbo wenu."

"Hayo siyo maneno yangu."

"Ya mwenzio, Mungu amrehemu. Ya kwako yananitia usingizi, shoga, usinichukie."

Nikamshika mkono wenye kamba. "Yaseme."

"Niyaseme yote?"

"Yote, taratibu."

Akayasema, akiangalia dari:

*Niko nakuya, niko nakuya, mama usikimbize saa,*
*njia ni murefu, viatu ni ya kuazima, mulango nimeuona,*
*hodi sitapiga, nitakohoa tu kidogo,*
*taa isizime, chai isipoe, niko nakuya.*

Nilimwomba arudie. Alirudia, halafu akaniangalia usoni, akaacha kamba.

"Hee! Rehema! Mwaka mzima unaimba na mtu, hujui anakujibu nini?"

"Niliambiwa nisimsikilize."

"Na yeye aliambiwa nini?"

Swali hilo nilishuka nalo ngazi mpaka kwa Mwalimu Leung. Nilikaa, nikaweka maneno ya Ilunga juu ya namba zake, na nikamwomba apige upande wangu kwa mkono mmoja. Wakati huu hakusema habari za viungo. Nilipofika kwenye "mulango", piano ilikuwa inapita pale ninapoimba "mlango". Kwenye "hodi" yake kulikuwa na hodi yangu. Chai ilikutana na chai. Mtu hawezi kupanga hivyo akiwa ameziba masikio.

"Alikuwa ananisikia," nilisema.

"Pamba aliitoa wiki ya pili tangu niwagawie," alisema Mwalimu Leung. "Nilimwona. Sikumwambia kitu."

"Kwa nini mimi hukuniambia niitoe?"

"Kwa sababu yeye alisikia, akaendelea kuimba. Wewe ungesikia, ungesimama."

Ningesimama. Ningemwambia, pita.

Wiki ya kwanza ya Januari tulirekodi kaseti ukumbini, asubuhi, kabla wahudumu hawajapanga meza. Upande wa kwanza niliimba nusu ya Ilunga, kwa Kiswahili cha Katanga kama alivyokiimba, bila kukinyoosha. Zuwena alikuwa amekaa mbele kama mwalimu wa mtihani na mara mbili alinisimamisha: "Siyo 'mlango'. 'Mulango'. Usimtie Utanga mtu wa watu." Upande wa pili niliimba ya kwangu. Mwalimu Leung alipiga piano ileile pande zote mbili. Yule mfanyabiashara wa vitambaa alikuwa amekuja tena, na wiki hiyo anarudi Lubumbashi. Niliifunga kaseti kwenye soksi, nikampa mkononi.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwa mapokezi tangu saa tisa alasiri nikingoja simu ya Mado, na Mwalimu Leung amekaa nami, kikoti kimefungwa vifungo vyote. Lubumbashi ilikuwa bado asubuhi. Bosi alitupatia viti viwili bila kuuliza. Simu ililia kabla ya saa kumi.

"Mama Rehema," alisema Mado, "tuko hapa wote. Kaseti ilifika. Ile upande ya Ilunga tuliishika vizuri. Ile yako hatukuishika."

"Kwa nini? Ipo upande wa pili."

"Tunajua. Mama anasema ile ni yako. Unangojea?"

"Nipo."

Aliisogeza simu. Kulikuwa na watu wengi, nilisikia viti, mtoto akilia, mtu akikohoa, na sauti kavu ya mwanamke mzee ikihesabu kwa Kifaransa mpaka nne. Kisha wakaanza wote kwa pamoja, haraka, wanaume na wanawake, niko nakuya, niko nakuya. Niliwasikiliza. Kila neno nililisikia. Mwalimu Leung alikuwa ameweka vidole kwenye kaunta ya mapokezi, anapiga bila sauti, na nilipomtazama akanipa ishara kwa kichwa.

Waliendelea kuimba. Nikawadakia.